Njia ya Kwenda kwa Bwana Tull

Vijana wa stoo ya Euless, siku ile mliponikatia keki ya kuniaga, Mama Aline wetu wa kupanga safari alinisukuma mbele niseme neno. Nikasema "asanteni" nikakaa, mkacheka. Sasa nimehamia Alief, humu humu Texas, kwa binti yangu Neema, sina safari ya alfajiri wala gari la kukagua, na Mama Aline ameshanipigia simu kunishtaki kwamba kijana aliyepewa ruti ya magharibi hajui aanzie wapi na mimi nimekaa tu huku nakunywa chai. Haya, naandika. Elimu yangu ni darasa la saba, Manyoni. Nimezoea kuandika mistari michache kila jioni, hali ya hewa na nani kasema nini, lakini kumwandikia mtu mwingine asome sijawahi. Nikikosea mahali, mlaumuni dereva, msimlaumu aliyemtuma.

Vyeo na mishahara naviruka. Cheo nilikuwa nacho kimoja tangu kuingia hadi kutoka.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mwangi, Mkenya wa Thika, mtu mwembamba mwenye kofia ya kauboi ambayo hakuivua hata tukiwa ndani ya gari. Kazi yetu, kwa asiyeijua, ni kuwapelekea hewa watu ambao mapafu yao yamechoka. Nyumbani mgonjwa ana mashine ya umeme inayochuja hewa na kumpitishia oksijeni kwenye mpira wa puani. Umeme ukikatika, mashine inazima, na hapo kinachobaki ni mitungi ya akiba. Basi tunapeleka mitungi, tunabadilisha mipira, tunasafisha vichujio, tunaondoka. Ndivyo nilivyodhani. Mwangi aliponipa mkono asubuhi ile hakuuachia. Aliuinua akaunusa.

"Umepaka nini?"

"Losheni tu. Hewa ya huku inapasua ngozi."

"Wee mzee! Unataka kutulipua?" Akanipeleka sinkini kama mtoto, akasimama nyuma yangu mpaka nikaosha kwa sabuni hadi kwenye viwiko. "Mafuta na oksijeni haviongei. Losheni, Vaseline, grisi, hata siagi ya mkate. Ukifungua mtungi na kwenye kichwa chake kuna mafuta, unaweza kuwaka bila kiberiti. Mtu akuone na ngozi kama ya mamba, sawa, hiyo ndiyo uniform."

Tangu siku hiyo sikupaka kitu mikononi siku za kazi. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anasema nikimshika bega ni kama amepitiwa na msasa.

Mwangi alinifundisha mengine madogo ambayo bado nayathamini kuliko mafunzo yale ya video. Ufungie mtungi mkanda hata kama unavuka barabara tu. Ukifika nyumba ya mgonjwa sikiliza kwanza mlangoni kabla ya kubisha, ili usikie kama mashine inanguruma. Usikae kwenye kiti chake. Na vile vipete vidogo vinavyokaa kati ya mtungi na kichwa cha kupimia, vibebe mfukoni siku zote, kwa sababu vikipasuka hewa yote inatoroka pembeni na mgonjwa hapati kitu. Nilivibeba mfuko wa kulia, mpaka Neema, aliyekuwa bado nyumbani kwangu, alikuwa anavikuta kwenye mashine ya kufulia.

Baada ya muda nikapewa ruti ya magharibi. Hakuna aliyeitaka, ndiyo sababu. Unatoka Euless, unaipita Fort Worth, unaendesha kutwa nzima, na nyumba zinazidi kupungua mpaka unaanza kuhesabu nguzo za umeme kwa kukosa cha kuangalia. Nilizaliwa nchi kavu, nilidhani naujua ukavu. Ule wa kule ni mwingine. Ardhi ni ya kijivu, vichaka vifupi vimeachana kana kwamba vimegombana, na milima yake imekatwa juu ikawa bapa kama meza. Mito ipo, ila haina maji. Ni makorongo yanayopita katikati ya barabara, na kando yake kuna fimbo ya kupimia maji siku yakija. Ukiona fimbo hiyo imelowa, rudi.

Jina la ile kaunti silitaji. Watu wake ni wachache kiasi kwamba nikiitaja nitakuwa nimewataja wote mmoja mmoja. Kwa ukubwa ingeimeza Dallas na Fort Worth na vitongoji vyake, lakini wakazi wake ungewakaribisha kanisani kwetu hapa Alief na viti vya nyuma vikabaki. Mji ni mmoja. Una jengo la mahakama la mawe, shule, pampu ya mafuta, na mkahawa unaofungwa mwenye mkahawa akiitwa, kwa sababu yeye ndiye pia anayeendesha gari la wagonjwa. Gari lenyewe ni moja. Hospitali haipo, ipo kaunti nyingine, na si ile ya jirani, ni ya baada yake.

Utawala wao ulinichukua muda kuuelewa, na sina hakika kama nimeuelewa. Kuna sherifu na manaibu wake. Kuna makamishna, kila mmoja ana robo yake ya kaunti, na kazi yake kubwa humo ni barabara za vumbi na greda la kuzikwangua. Na kuna jaji wa kaunti, ambaye wakati ule alikuwa mama mmoja aitwaye Bi Darlene, muuza vyakula vya mifugo. Msidanganyike na neno jaji. Huyo ni kama mkuu wa wilaya: bajeti yake, barabara zake, maafa yake, na kama muda unabaki anawahukumu walevi.

Hapa nieleze kosa langu, kama ni kosa. Kwetu mgeni haingii kijijini akaanza tu kugonga milango ya watu. Anapita kwanza kwa mtendaji, anajieleza, anaonyesha barua, barua inapigwa mhuri. Bila mhuri wewe ni nani? Basi ruti yangu ya kwanza nilivaa shati safi, nikaenda pale mahakamani na barua ya kampuni, nikamwambia karani kwamba mimi ni mtu wa oksijeni, nitakuwa napita kila wiki kwenye nyumba hizi na hizi, naomba kujitambulisha kwa mkubwa na kupigiwa mhuri.

Karani akaniuliza kama nimeshtakiwa.

Nikasema hapana. Akauliza kama nataka kumshtaki mtu. Mwisho akamwita Bi Darlene, ambaye alitoka na vumbi la unga wa ng'ombe begani, akanisikiliza mpaka mwisho, akamwambia karani, "Mpigie mhuri huyu bwana." Mhuri uliokuwepo ulikuwa wa kuonyesha waraka umepokelewa. Nikapigiwa huo. Nilipomsimulia Mwangi kwa simu alicheka mpaka akakohoa.

"Nyinyi Watanzania na mihuri yenu! Umeenda kuripoti kwa chief? Texas, bana? Hapa mtu anaenda shughuli zake."

"Sasa nikipotea jangwani, nani atajua nilikuwa naelekea wapi?"

"GPS itajua."

Nikaendelea na mtindo wangu. Kila wiki nikifika mjini nasimama mahakamani kwanza, nasema nimefika, nakwenda kwa fulani na fulani, nitatoka kesho. Karani akazoea. Ikawa ananipa na kahawa.

Mgonjwa wa mbali kuliko wote alikuwa Bwana Tull. Mzee wa ng'ombe, mrefu, vumbi na sigara za ujanani vilikuwa vimemmaliza mapafu. Aliishi na mkewe, Bi Nadine, kwenye ranchi iliyo pembeni kabisa mwa kaunti, nyuma ya safu ya milima ile bapa. Na hapa ndipo jiografia na utawala vinapokutana vibaya. Nyumba yake ipo ndani ya kaunti yetu, lakini barabara ya lami ya kwenda kwake inatoka nje ya kaunti, inazunguka mlima upande wa jirani, halafu inarudi. Ile sehemu ya katikati ni mali ya jirani: wao wanaiziba mashimo, wao wanaifunga. Upande wetu kuna njia za ranchi tu, za chokaa, zenye mageti ya ng'ombe, ambazo gari letu halikuwa na ubavu nazo. Siku za kawaida hilo halikuwa na maana yoyote. Unavuka mpaka na huoni hata kibao.

Bwana Tull hakunipenda haraka. Miezi ya mwanzo alikuwa ananiita "wewe." Baadaye akawa ananiuliza mvua za kwetu zinakujaje na ng'ombe wa kwetu wana nundu ya ukubwa gani. Nikimjibu, ananiambia siyo kweli.

Sasa nije kwenye siku ya barafu. Siku ile sikuandika chochote jioni, kwa hiyo hapa nategemea kichwa, na kichwa changu mnakijua.

Utabiri ulikuwa umesema baridi kali itashuka, Mama Aline akanitoa Euless siku moja kabla ya ratiba na gari limejaa mitungi. Nililala kwenye moteli njiani. Kulipokucha hapakuwa na umeme, na ulimwengu wote ulikuwa umevikwa kioo: nyaya, vichaka, mlango wa gari. Nilimwagia kitasa maji ya birika ndipo kikafunguka. Nikaendesha polepole sana, tairi mbili kwenye majani ya pembeni ambako kulikuwa na mkwaruzo kidogo. Mama Aline akapiga. Yeye ni Mkongo wa Uvira, na siku za kawaida anaongea kama mtu anayeimba. Siku ile hakuimba.

"Papa Neema, uko fasi gani?"

"Nakaribia mjini."

"Sikiliza. Bibi ya Tull amenipigia, simu ikakatika. Umeme hakuna kwao. Generator yao imekataa, mafuta imeganda ndani. Mzee iko na mtungi moja tu, na huo ameanza kuutumia. Ambulance yao ilienda na mama wa mimba, haiwezi kurudi. Helikopta hairuke. Njo wewe tu umebaki."

"Nimesikia."

"Usisimame fasi yoyote, Papa. Hata kidogo. Enda."

Nikasema sawa. Na nilikuwa na nia.

Ukikaribia mji ule kuna njia panda: kulia unaingia barabara ya kwa Tull moja kwa moja, kushoto unakwenda mahakamani, na jengo unaliona kutoka pale. Nikapinda kushoto. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilijiambia kwamba barafu hii ikinitupa korongoni bila mtu kujua nimeelekea wapi, mitungi na mimi tutapotea pamoja, na Bwana Tull atatusubiri bure. Hiyo ni sababu nzuri. Lakini kuna uwezekano kwamba nilipinda kwa mazoea tu, kama punda, na sababu ikaja baadaye. Sijui.

Mahakamani walikuwa wamewasha jenereta, na nusu ya mji ilikuwa imelala kwenye mabenchi ya ukumbi wa kesi. Bi Darlene alikuwa na koti la kuwindia na redio mkononi. Nilidhani nitasema maneno mawili nitoke. Lakini wagonjwa wangu wawili wa mjini walikuwa wameletwa pale, na mmoja wao, bibi wa Kimeksiko aliyekuwa amefunikwa mablanketi matatu, mtungi wake ulikuwa umefika mwisho. Ningefanyaje? Nikamwekea mwingine. Mikono ilikuwa imekufa ganzi, nikachukua muda. Wa pili naye nikamwachia wake. Nusu saa ilikwenda, labda na zaidi. Kumlaumu yule bibi kwa kuwa na mapafu siwezi, na nisingependa msomaji amlaumu.

"Unakwenda kwa Tull?" Bi Darlene akauliza.

"Ndiyo. Ana mtungi mmoja."

"Nenda. Ukikwama kaa ndani ya gari."

Nikaenda. Nilipofika pale kaunti inapogeuka kuwa nyingine, nikakuta gari la polisi limelala mkingamo na taa zinazunguka. Naibu sherifu wa jirani akaja dirishani, kijana mdogo, masharubu yameganda barafu.

"Geuza, bwana. Lori limeanguka kwenye kona ya mlima. Limeziba pande zote."

"Lini?"

"Sasa hivi. Hata nusu saa haijaisha."

Hesabu hiyo hata mtoto wa shule ya chekechea angeipiga: kama nisingepinda kushoto, ningekuwa nimeshapita. Au ningekuwa chini ya lori. Nimeipiga hesabu ile kwa njia zote mbili miaka yote hii, na kila mara inatoa jibu tofauti. Mama Aline yeye ana jibu moja, na huwa analitoa kila tukionana: "Nilikuambia usisimame."

"Nina mgonjwa ng'ambo," nikamwambia yule kijana. "Anaishiwa hewa."

"Yuko kaunti gani?"

"Hii ninayotoka."

"Basi mpigie sherifu wako."

"Lakini barabara ni ya kwenu."

"Ni yetu. Na imefungwa."

"Niruhusu nipite pembeni, kwenye majani."

"Bwana, pembeni ni genge, ni kuanguka tu."

Nilitaka kumchukia, ingenisaidia. Ila ukweli ni kwamba kulikuwa na dereva amebanwa ndani ya lile lori, na yule kijana alikuwa peke yake pale, hana hata glavu nzito. Akaangalia mitungi yangu nyuma. Akapiga teke tairi lake mwenyewe.

"Kukupitisha siwezi," akasema. "Redio naweza kukupa."

Tukampata Bi Darlene baada ya mikwaruzo mingi. Nikamsikia akiuliza, "Nani? Yule bwana wa mhuri?" Halafu: "Nilijua yuko hapo. Mwambieni arudi mpaka geti la buluu, upande wetu, asiondoke. Chuy anakuja na greda."

Geti la buluu nililijua, nilikuwa nalipita kila wiki bila kujua linakwenda wapi. Nikasimama pale na injini inaunguruma. Kusubiri kule ndiko kugumu kuliko yote niliyowahi kuyafanya kazini. Unaangalia mitungi imejaa nyuma yako, imefungwa mikanda vizuri kabisa, na haimsaidii mtu. Nikawa nafikiria sindano ya geji, ile inayoonyesha hewa iliyobaki mtungini kwa Bwana Tull, inashuka. Nikajaribu kusali nikashindwa kupata maneno, nikaishia kutaja jina lake tu.

Chuy alikuja juu ya greda la njano, bati la mbele likipasua barafu kama biskuti. Mtu mfupi, mnene, ndiye aliyekuwa akitunza barabara za robo ile, na kamishna wake alikuwa shemeji yake, kwa hiyo walikuwa wakigombana kazini na kwenye chakula. Akaniambia nifuate nyuma yake. Tukafungua geti, tukapita, tukafunga. Geti jingine. Nikamwuliza kwa nini tunayafunga na watu wanakufa. Akanitazama kama nimetukana mama yake. "Ng'ombe," akasema.

Tulifika korongoni. Greda lilishuka likapanda ng'ambo. Gari letu lilishuka vizuri, kupanda likakataa, likarudi kinyumenyume mpaka chini likatulia kwa pembeni. Nilijaribu tena na tena, matairi yakalia tu. Chuy akarudi kwa miguu akiteleza.

"Liache. Hamisha mitungi."

Akafungua mlango wa nyuma, akanyoosha mikono, na hapo nikaiona. Glavu zake zilikuwa nyeusi kwa grisi. Koti lake lilikuwa na grisi. Nikakumbuka kibanda cha greda nilichokichungulia pale getini: sakafu, kiti, vishikio vya kuendeshea, vyote viling'aa mafuta.

"Usiguse!" nikapiga kelele.

"Nini?"

"Grisi. Hii ni oksijeni. Grisi ikiingia kichwani mwa mtungi, tunawaka."

"Sasa nisimame tu nikutazame, kama jaji?"

"Simama kidogo, tafadhali."

Alichukia, na alikuwa na haki. Katoka kitandani kwake kuja kusaidia, halafu mgeni anamwambia ana mikono michafu. Nilitafuta cha kufunikia vichwa vya mitungi. Matambara ya garini siyaamini, hujui yamefuta nini. Mwisho nikafungua mkoba wangu wa kulalia, nikatoa soksi. Neema alikuwa amenifulia, zimekunjwa mbili mbili. Nikavisha kila mtungi mdogo soksi kichwani, nikaifunga kwa kamba ya viatu. Mitungi minne, mikubwa tukaiacha. Kile kichwa cha kupimia, spana na mpira mpya nikavitia ndani ya shati langu, kwenye ngozi.

Chuy akavua glavu, akaishika mitungi katikati, akaipandisha mmoja mmoja.

"Mke wangu akiniuliza nilifanya nini leo," akasema, "nitamwambia nilibeba watoto wa mtu, wamevaa kofia."

Nilikaa kwenye kile kibanda nimeipakata, miwili kwenye mapaja, miwili kati ya miguu. Hatukuongea tena. Kila greda liliporuka niliikumbatia. Tulipanda mgongo wa mlima kwa upande ambao sijawahi kuuona, na juu kule ukiangalia chini unaona jinsi nchi ile ilivyo: weupe mtupu, geti, weupe, paa moja. Hakuna moshi kwenye lile paa. Chuy naye aliona. Akaongeza moto.

Nilipofika mlangoni nilisikiliza, kama nilivyozoea. Mashine kimya, bila shaka. Sikusikia kitu kingine chochote. Sikubisha.

Bwana Tull alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, si kitandani, amevaa kofia na mablanketi, mikono imeshika magoti na mabega yakipanda kila anapovuta. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau mbivu. Bi Nadine alikuwa amepiga magoti mbele ya mtungi, kashika kibonye cha kupunguzia kwa vidole viwili.

"Daktari alisema lita tatu kwa dakika," akaniambia bila salamu. "Nimemshusha mbili. Kisha moja. Nilikuwa naurefusha mtungi. Nimefanya vibaya?"

"Umefanya vizuri, mama." Sikujua kama ni kweli. Sindano ilikuwa imelala kwenye wekundu, na hewa ilitoka kwa kunong'ona tu.

Nikauvua soksi mtungi wa kwanza. Nikafunga kichwa, nikakaza kwa spana, nikafungua. Ukapiga mluzi wa pembeni, ule mbaya: hewa inavuja. Nikafunga. Nikatazama: kipete kimepasuka kwa baridi. Nikatia mkono mfuko wa kulia. Vidole havikusikia kitu, nilikuwa nagusa kitambaa, funguo, sijui. Nikaugeuza mfuko wote, vitu vikaanguka sakafuni, Bi Nadine na mimi tukawa tunatambaa kama watoto. Nyuma yetu Bwana Tull alivuta pumzi, akakaa nayo, na kwa kitambo hakuitoa.

"Earl," mkewe akasema, akiwa bado sakafuni. "Earl!"

Akaitoa.

Ni Bi Nadine aliyekiona kile kipete, chini ya kabati. Alikifuta kwa gauni lake la ndani, akanipa. Nikakiweka. Nikakaza. Nikafungua mtungi taratibu, na safari hii kimya, sindano tu ikapanda. Nikabadilisha mpira, nikaurudisha puani mwake, nikaweka tatu, nikarudi nyuma nikaegemea ukuta.

Mengine mtayasikia kwa Mama Aline, na yeye huyasimulia vizuri kuliko mimi: jinsi yule naibu kijana alivyofungua barabara mchana ule lori lilipovutwa, na gari la wagonjwa la jirani likaja kumchukua mzee wa kaunti nyingine bila mtu kuuliza mpaka uko wapi, na dereva wa lori naye alitoka mzima. Bwana Tull alirudi kwake baada ya wiki chache. Mimi nabaki mle chumbani, kwa sababu ndicho nilichotaka kijana wa ruti ajue: kwamba mikono ikimaliza, unakaa na kungoja.

Zambarau ilianza kuondoka pembeni mwa midomo kwanza. Kisha kucha. Chuy alikuwa amesimama mlangoni, hathubutu kuingia na grisi yake. Bwana Tull akafungua macho, akanitazama.

"Ume," akasema, akavuta. "Chelewa."

"Earl, mwonee mtu huruma," Bi Nadine akasema.

"Ni kweli," nikasema. "Nilipitia kwanza kwa jaji, kusema nimefika."

Akafikiria hilo. Alivuta mara moja, mara ya pili, bila kuinua mabega. Mkewe alikuwa ameweka kiganja kifuani pake na hakuwa anapumua yeye.

"Darlene yule mimi sikumpigia kura," Bwana Tull akasema, "na mwakani simpigii tena, hata kama ataniletea greda mpaka kitandani."

Bi Nadine aliinuka haraka akaenda jikoni, akafungua bomba la maji lililoganda, akasimama mbele yake na mgongo kwetu. Ile ilikuwa sentensi ya kwanza asubuhi ile ambayo mumewe aliifikisha mwisho bila kukata pumzi.